Feministi ni nani, na kikundi chetu kijiandikeje?

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akinamama wakulima wa mwani huku Pemba, upande wa Micheweni. Tumeletewa fomu ya kuombea fedha, na suali moja linauliza kama sisi ni "kikundi cha kifeministi". Mwenyekiti anasema tuandike ndiyo, maana karibu sote ni wanawake. Mwanangu anayesoma chuo Unguja anajiita feministi, naye anasema si kila kikundi cha wanawake ni cha kifeministi. Ami yake alipolisikia neno alikuja juu: hao ni wanawake wasiotaka waume na wanaopinga dini. Naomba nielezwe neno hili maana yake nini khasa, linatumiwaje, na fomu tuijaze vipi.

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Katibu. Mwanao kasema kweli. Mwenyekiti kateleza pahala ambapo wengi huteleza, na ami wa mwanao kachanganya mambo matatu ambayo nitayatenganisha huko chini.

Feministi ni mtu, awe mke au mume, anayeshika mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, anaona kuwa wanawake wanapunjwa kwa sababu ni wanawake, katika mali, kauli, elimu na usalama, na kuwa kupunjwa huko kumepangwa na watu, kwa sheria, kwa mila, kwa bei, hata kwa saa ya kikao. Hakukuja na maumbile. La pili, anaona mpango huo haufai na yuko tayari kusaidia kuubadilisha. Likikosekana moja, neno halikai. Anayesema "kweli wanawake wanaonewa, lakini ndivyo dunia ilivyo" si feministi. Anayewagawia wajane vyerehani kwa huruma, bila kuuliza ilikuwaje mjane akatolewa nyumbani mwake, anafanya jambo jema sana, lakini hilo ni hisani. Na mwanamke mkali, mwenye sauti, anayeendesha gari lake na duka lake, si feministi kwa hayo peke yake; anaweza kuwa tajiri anayewapunja wanawake wenzake mshahara.

Kwa hiyo neno hili ni jina la msimamo. Halimpimi mtu uanauke wake, wala ukali wake.

Katika matumizi, mtasikia "feministi" kwa mtu mmoja na kwa wengi, na mtaona "mfeministi" na "wafeministi". Zote zinatumika. Kwenye maandishi rasmi mimi huona afadhali mfeministi na wafeministi, maana upatanisho wa sentensi unakaa sawa bila kubabaika: "wafeministi wamedai", si "feministi zimedai", ambayo inamfanya mtu kuwa kitu. Fikra yenyewe ni ufeministi. Sifa ni -a kifeministi: kikundi cha kifeministi, uhakiki wa kifeministi, madai ya kifeministi. Wanafunzi wa fasihi hukutana na ufeministi mapema, kama nadharia ya kusomea riwaya na tamthilia, na pengine huko ndiko mwanao alikolikuta. Kosa la kawaida ni kuandika "ufeministi" pale mtu anapotaka kusema "uanauke", yaani hali ya kuwa mwanamke. Nguo, sauti au mwendo wa kike hauna uhusiano wowote na ufeministi.

Asili ya neno ni Kifaransa, kutoka femina ya Kilatini, mwanamke. Na maisha yake ya mwanzo yanachekesha. Mwaka 1871 mwanafunzi mmoja wa udaktari, Faneau de la Cour, alilitumia kwa wanaume wenye kifua kikuu ambao miili yao ilionekana kulegea na kufanana na ya kike. Lilikuwa jina la dalili ya ugonjwa. Mwaka uliofuata mwandishi Alexandre Dumas, yule mtoto (babake naye alikuwa mwandishi wa jina hilo hilo), akalitupia kama kejeli kwa wanaume waliokuwa upande wa wanawake. Ikafika 1882, Hubertine Auclert, Mfaransa aliyekuwa akidai wanawake wapige kura, akaliokota tusi lile na kujiita nalo. Kutoka hapo likavuka kuingia Kiingereza miaka ya 1890 na kuenea. Namtaja Auclert ili ami ajue kuwa hasira aliyoisikia ndani ya neno ni ya zamani. Neno liliingia mtaani likiwa tayari limetukanwa.

Waarabu hawakulichukua kwa sauti. Walilitengenezea lao kutokana na nisaa, yaani wanawake, neno ambalo kila aliyepita chuo cha Qur-ani huku kwetu analijua kutoka sura ya nne. Mmisri Huda Sha'arawi na wenzake walipoanzisha chama chao cha wanawake Cairo mwaka 1923, kwa Kiarabu kiliitwa ittihad (umoja) ya kinisai, na kwa lugha za Ulaya kikaitwa cha kifeministi. Afrika kusini ya Sahara mjadala ulikuwa mrefu zaidi. Wapo waliolikataa jina wakiona ni la wazungu wa tabaka la kati, wakabuni ya kwao. Mwandishi wa Nigeria Molara Ogundipe-Leslie ni mmoja. Wapo walioamua kulishika wazi bila ya kuomba radhi, kama waliokutana Accra mwaka 2006 na kupitisha mkataba wa misingi ya wafeministi wa Afrika. Pande zote mbili bado zipo, na ndiyo maana unaweza kumkuta mwanamke aliyepigania haki za wenzake miaka thelathini akakwambia "mimi si feministi" na asiwe anadanganya.

Sasa tuyatenganishe maneno ya jirani, kwa sababu fomu hizi huyachanganya ovyo, na wafasiri wake ndio wabaya zaidi.

Mwanaharakati wa haki za wanawake ni mtu wa kazi: anafuatilia kesi, anaandaa mikutano, anakwenda kwa sheha na polisi. Wengi wao ni wafeministi, lakini si lazima. Usawa wa kijinsia ni lengo. Ndiyo lugha ya serikali na ya mikataba, na mtu anaweza kuutaka bila ya kuwa na maelezo yoyote ya kwa nini haupo. Hamsini kwa hamsini ni dai moja tu ndani ya lengo hilo, la idadi ya viti vya maamuzi. Jinsi na jinsia mzitenganishe: jinsi ni uke au ume wa mwili, jinsia ni majukumu na nafasi ambazo jamii imezigawa kwa kufuata jinsi. Kuzaa ni jinsi. Kuchota maji ni jinsia, kwani hakuna kiungo cha mwili kinachoshika ndoo kwa mwanamke kikakosekana kwa mwanamme. Na kwa Zanzibar kuna neno udhalilishaji. Ripoti za bara zinasema "ukatili wa kijinsia", zetu husema "vitendo vya udhalilishaji", ikiwamo kubaka, kulawiti na kupiga. Mkiandikia mfadhili wa nje andikeni udhalilishaji kisha mtaje vitendo vyenyewe, la sivyo msomaji asiye wa huku atadhani mnazungumzia kumvunjia mtu heshima kwa maneno.

Halafu kuna Beijing. Baada ya mkutano wa dunia wa wanawake wa 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, jina la mji ule liligeuka kuwa jina la mwanamke yeyote asiyenyamaza: "huyo kaja na mambo ya Beijing". Leo watu wanaliweka feministi katika nafasi ile ile. Ni matumizi ya mtaani, na mtaani yana haki yake, ila msiyapeleke kwenye katiba ya kikundi.

Nirudi kwa ami. Jambo la kwanza alilochanganya ni kupinga upendeleo wa wanaume na kuwachukia wanaume. Madai ya kifeministi yanaelekea kwenye utaratibu. Chukueni mfano wa hapa hapa. Sheria ya mwaka 1985 Zanzibar ilimfanya msichana asiyeolewa akipata mimba kuwa mkosa anayeweza kufungwa jela. Mwanamme naye alikuwa na adhabu kwenye karatasi, lakini ushahidi wa kosa ulikaa kwenye tumbo la mmoja tu. Mwenziwe akikana, mambo yamekwisha, na msichana anabaki na kesi, mimba na skuli iliyomtoa. Mwaka 2005 sheria hiyo ilibadilishwa na nyengine, kifungo cha msichana kikaondoka na ikaja adhabu ya kuitumikia jamii. Anayeisoma sheria ya 1985 na kuuliza "mzigo wa ushahidi umeangukia nani, na kwa nini?" anasoma kifeministi. Si lazima awe na chuki na mwanamme yeyote, na anaweza kuwa mwanamme mwenyewe.

La pili ni ndoa. Ndani ya ufeministi zipo kambi, tena zinagombana. Wapo wanaotaka sheria zirekebishwe na nafasi zigawanywe kwa haki, basi. Wapo wanaoona mzizi ni umasikini na umiliki wa mali. Wapo, hasa Marekani na Ulaya ya miaka ya 1960 na 1970, walioiona familia yenyewe kuwa ndiyo mahali mwanamke anapofungiwa, na baadhi yao walifika hadi kusema bora kuachana na wanaume kabisa. Ami ameisikia kambi hiyo ya mwisho akaipa jina la wote. Wanawake weusi wa Marekani walikuwa miongoni mwa walioipinga mapema, wakisema kwao familia ilikuwa ngome dhidi ya ubaguzi. Na mmoja wao, mwanasheria Kimberlé Crenshaw, mwaka 1989 akaonyesha, kwa kesi za mahakamani, namna mwanamke mweusi anavyoonewa kwa njia ambayo sheria ya rangi peke yake haiioni na sheria ya jinsia peke yake haiioni.

La tatu ni dini, na hapa lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu jibu jepesi ni la uongo kwa upande wowote. Wapo wafeministi wasioshika dini na wanaoiona dini kuwa sehemu ya tatizo. Wapo pia Waislamu wanaojenga hoja kutoka ndani ya Qur-ani na fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu): Amina Wadud, mwanazuoni wa Kimarekani, ni mfano unaojulikana, na mtandao wa Musawah, uliozinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009, unafanya kazi hiyo katika sheria za familia. Wapo wanazuoni wanaokataa sehemu ya hoja zao, na wapo wanawake wa Kiislamu wanaodai haki zote ambazo sheria inawapa lakini hawalitaki jina hili. Ugomvi mkubwa uko kwenye mirathi na kwenye uongozi wa nyumba. Kwenye chumo la mwanamke ugomvi si mkubwa: aya ya 32 ya Suratun Nisaa inasema wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Mtu anayemnyang'anya mkewe fedha za mwani hana aya ya kujikinga nayo. Na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inampa kadhi wa Zanzibar uwezo wa kusikiliza madai ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo anayetunza risiti za mauzo yake ya mwani anatunza ushahidi. Hilo lifundisheni kikundini bila kusubiri fomu ya mtu.

Kuna kosa jengine linalofanywa na wenye mapenzi mema, nalo ni kuwavisha jina watu wa zamani. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, huitwa siku hizi "feministi wa kwanza wa Zanzibar". Ni kweli alijifundisha kuandika kwa siri, akiziiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, wakati watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Ni kweli pia kuwa katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani 1886, aliwajibu Wazungu waliomdharau mwanamke wa Mashariki. Lakini katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa, na jumba alilokulia lilijaa wanawake watumwa. Ukimpa jina bila kulitaja hilo, umewafuta wanawake wale mara ya pili. Sema alichokifanya, msomaji ataamua jina.

Sasa fomu.

Mwenyekiti anasema ninyi ni wa kifeministi kwa kuwa ni wanawake. Hesabu ya vichwa haitoshi. Chukulia kikundi chenye watu 25, wanawake 22, wanaume watatu, na hao watatu ndio mwenyekiti, mshika fedha na mwenye saini ya benki. Kwa vichwa ni cha wanawake. Kwa maamuzi si chao. Sijui chenu kimekaaje, hivyo kaeni mjipime wenyewe kabla ya kuandika kitu. Leteni daftari la mahudhurio, daftari la fedha na katiba, muulizane haya.

Anza na kikao. Kinaitwa saa ngapi? Siku za bamvua, maji kwetu hupwa sana asubuhi kuelekea saa nne, na huo ndio wakati wenu wa kufunga mbegu na kuvuna. Kikao kikiwekwa saa nne asubuhi ya bamvua, atakayehudhuria ni asiyelima: mnunuzi, mjumbe, na wanaume wa kikundi. Mtaona kwenye daftari kuwa maamuzi ya bei yalipitishwa na watu wanane, na mkiangalia taarikh mtakuta ilikuwa mbili au tatu mwezi mwandamo, yaani bamvua. Hakuna aliyekusudia ubaya, pengine. Lakini huo ndio mpango unaopunja ambao ufeministi unauzungumza, na dawa yake ni kukipeleka kikao siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu, muandike hivyo katika katiba ili asije kiongozi mwengine akaubadilisha.

Kisha fuateni fedha kwa hatua. Mwani unapimwa kwenye mizani ya nani, na nani anasoma namba? Malipo yanaingia kwenye simu ya nani? Simu hiyo laini yake imesajiliwa kwa jina la mkulima au la mumewe? Hapa ndipo panapovunjika mara nyingi: mama analima, anaanika, anabeba gunia kichwani, halafu ujumbe wa malipo unalia kwenye mfuko wa mtu mwengine. Kama wanachama wenu wengi hawana laini kwa majina yao, hilo ni jambo la kuliandika kwenye ombi la fedha kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Tazameni na saini: ni ngapi, za akina nani, na kama mwenye saini akisafiri inakuwaje. Tazameni pia kazi ndogo za kikundi, nani anapika siku ya mgeni na nani anakaa na mgeni. Hili laonekana dogo, ila wafadhili makini huliona kabla ya yote, wakiwa wamekaa kwenye mkeka wanakunywa chai yenu.

Suali la mwisho la kujipima ni lengo. Mkishapata fedha, mnataka nini kibadilike? "Tununue kamba na boti" ni hitaji la kweli, liandikeni. Lakini kwa maana ya neno lenyewe, kikundi cha kifeministi kinataka pia kubadilisha sababu: bei ipangwe na wakulima wakiwapo, malipo yaende kwa aliyelima, mjane asipoteze shamba la mwani kwa shemeji.

Mkikuta sehemu kubwa ya haya mnayo, andikeni ndiyo, na msiishie hapo, kwa sababu "ndiyo" tupu haimwambii msomaji kitu. Ongezeni sentensi mbili tatu kama hizi, kwa kuzirekebisha ziendane na ukweli wenu:

"Kikundi kinaongozwa na wakulima wanawake, nafasi za mwenyekiti, katibu na mshika fedha hushikwa na wanachama wanaolima. Tunaona kuwa mkulima mwanamke hupata fungu dogo la bei ya mwani kwa sababu hashiriki kupanga bei na mara nyingi halipwi moja kwa moja. Kazi yetu ni kubadilisha mambo hayo mawili."

Msomaji wa fomu anayeijua kazi yake akisoma hivyo hatahitaji hata kuliona neno kifeministi.

Mkikuta hamnayo, andikeni "kikundi cha wakulima, wengi wao wanawake", halafu mseme mnataka kubadilisha nini na kwa muda gani. Msijipachike jina ili kupata fedha. Mfadhili akija kukagua mwezi wa sita atauliza daftari, na akikuta wenye saini ni wale wale wanaume watatu, ombi la pili ndilo litakaloumia.

Na ikiwa mnayo yote lakini nusu ya wanachama hawataki kuitwa kwa jina hilo, kwa sababu ya dini au ya maneno ya mtaani, jina liacheni. Kwenye kisanduku andikeni "tazama maelezo", kisha maelezo yenyewe yawe yale ya hapo juu. Jina la msimamo halibandikwi kwa kura ya wengi. Anayejiita feministi anajiita mwenyewe, kama mwanao alivyofanya. Mwenyekiti anaweza kuwa feministi, na jirani yake kwenye kamba hiyo hiyo ya mwani asiwe, na wote wawili wakasaini katiba moja inayosema fedha ziende kwa aliyelima.